Kiti cha Nyuma ya Dereva

Baba Zuhura wangu,

Sijui huko uliko barua zinafikaje, lakini nina maneno ya kukuambia tangu Mfungo Tatu, mwezi wa kuchinja, na yamenijaa kifuani. Zuhura kaniambia, "Mama, yaandike." Nikamjibu kwamba baba yako hakuwa mtu wa kusoma, alikuwa mtu wa kupima kwa futi kamba. Akasema, "Andika hivyo hivyo, atakayesoma asome." Basi nimekaa uani kwetu hapa Dunda, chai imepoa pembeni, na miwani niliyovaa ni yako maana yangu nimeikalia.

Kuna neno moja ulikuwa ukilingoja kutoka kwangu, nikakunyima. Unalijua. Barua hii yote ni habari ya neno hilo.

Kwa kuwa Zuhura anasema wengine nao wataisoma, acha nianze kwa kuitaja kazi yako, usije ukadhaniwa mwalimu. Ulikuwa fundi wa viti vya magari. Magari yale ya kupeleka watalii mbugani, yenye paa la kufunguka, yakichanika viti yaliletwa kwako. Ulifungua nati, ukavitoa viti vyote, ukavipanga uani mbele ya banda lako la kazi kama watu wanaosubiri daktari. Miaka yote ya ndoa yetu umewashonea watu wa nchi za mbali mahali pa kukaa wakamwangalie tembo, na wewe mwenyewe tembo hujamwona hata mkia. Mimi vilevile. Mbuga ya Saadani iko hapo tu, jirani yetu, na sisi tulikuwa tunaisikia kwa wageni.

Lakini kila kiti ulichokimaliza, mtu wa kwanza kukikalia nilikuwa mimi. "Mama Zuhura! Njoo ukae!" Naacha mboga jikoni, nakuja nafuta mikono, nakaa. Unanizunguka, unaminya sponji huku, unavuta uzi kule, halafu unauliza, "Vipi?" Nikisema kiuno kinauma, hukubisha, unafumua. Nikisema ngozi hii ya bandia inaunguza mgongo, unaguna, maana hapo hukuwa na la kufanya, ndiyo ngozi wanayoitaka wenye magari. Na nikiridhika nasema neno moja tu: "Peleka." Bila neno hilo kiti hakitoki uani. Mteja hata akiwa ameshawasha gari nje unamwambia, "Subiri kwanza bwana, mkaguzi yuko jikoni."

Mimi mkaguzi! Sina cheti hata cha kushona kifungo. Lakini nakuambia leo, nilikuwa najisikia mtu mkubwa.

Safari yetu tuliianza hapo hapo uani, unakumbuka? Ilikuwa baada ya alasiri, umemaliza viti viwili, umeviweka sambamba. Ukakaa kimoja, ukakipigapiga kile cha pili. "Abiria, panda." Nikapanda. Ukashika usukani wa hewa, ukanguruma kwa mdomo, halafu ukanong'ona, "Tazama kulia, twiga." Nikatazama kulia, naona kuku wa jirani anachakura. Nikasema, "Mkubwa kweli!" Ukacheka mpaka ukaegemea ukuta. Tangu siku hiyo ikawa kawaida yetu, viti vikiwa uani tunakwenda mbugani. Zuhura alikuwa akija kutoka Msata siku zake za mapumziko, bado na sare yake ya unesi, akitukuta hivyo anasema, "Wazee wangu nyinyi, mwende kweli basi, mnanitia aibu kwa majirani."

Mwezi wa Mfungo Pili wewe ukaamua. Chande dereva alikuwa ameleta gari la tajiri wake litengenezwe viti vyote upya, akasema mkimaliza nitawapeleka Saadani siku moja ambayo gari halina wageni. Ukaja ndani hata viatu hujavua. "Mama Zuhura, mwaka huu tunakwenda. Si kwa kuku. Kwa twiga mwenyewe."

Ewe Mola, mipango iliyofuata! Ukachukua daftari lako la vipimo, ukageuza nyuma, ukaandika: maji, chapati, samaki wa kukaanga, mkeka, birika la kutawadhia, dawa ya mgongo wa Mama Zuhura. Siku ya pili nikakuta umeongeza darubini. Darubini utaitoa wapi, Baba Zuhura? Ukasema utaazima. Tukabishana kulala au kurudi siku ile ile. Mimi nilisema silali mahali ambapo simba akipiga chafya naisikia. Wewe ukasema simba wa Saadani ni wachache na wana haya. Nani alikuambia wana haya? Chande. Na Chande nani alimwambia? Hapo ukarudi kwenye daftari lako.

Halafu ukazuka ule wasiwasi wa mbung'o. Chande alitueleza kwamba wale nzi wa mbugani wanapenda rangi nyeusi na buluu, wakiona nyeusi wanashuka kama wamealikwa. Tukatazamana. Mimi na buibui langu jeusi, ndiyo vazi langu la kutokea siku zote, nitavaa nini? Ukasema utanishonea buibui la turubai. Nikakutupia ufagio. Kesho yake ukarudi na kitambaa cha kahawia, chepesi, kizuri, ukasema, "Kampe fundi cherehani akushonee gauni pana, ujistiri, na nzi wakukose." Hivi ndivyo ulivyokuwa, mzaha mbele na wema nyuma yake.

Na ukaanza kukishona kiti changu. Ulisema katika gari hili la Chande, kiti cha nyuma ya dereva, upande wa dirisha, ni cha mkeo. Vingine vya watalii, hicho cha Mama Zuhura. Utakiwekea mto wa mgongo uliopimwa kwa mgongo wangu. Ulinipima hapa uani, nimesimama kama mlingoti, wewe nyuma yangu na futi kamba unahesabu kwa sauti, na wifi Mwanaidi kaingia akatukuta akasema, "Astaghafirullahi, kaka, hata aibu huna."

Sasa hapa nifike kwenye kanga, maana bila kanga mambo haya hayaeleweki.

Unaijua kanga yangu ya korosho, nyekundu na njano, ile uliyoniletea Zuhura alipozaliwa. Imefuliwa mpaka imekuwa laini kuliko shavu la mtoto. Niliianika kambani, vipande vyote viwili. Siku hiyo wifi alipita kuchukua mbuzi ya kukunia nazi. Jioni naenda kuanua, kipande kimoja hakipo. Nilitafuta mpaka chini ya banda la kuku. Nikakuuliza wewe, ukasema, "Kanga ipi?" Kwa uso mkavu kabisa! Basi kesho yake wifi aliporudisha mbuzi, nikamwambia, "Wifi, kanga haina miguu." Akaniangalia, akaiweka mbuzi chini polepole, akaondoka bila kuaga. Dada yako wa pekee, Baba Zuhura, tumeishi naye vizuri miaka yote hiyo, nikamgeuza mwizi kwa kipande cha kanga.

Siku ya tatu yake, Jumanne, ulikuja jikoni alasiri umejaa chembe za sponji ndevuni. Ulikuwa na furaha ile ya mtoto. "Twende ukakalie kiti chako." Nikakujibu hata sikugeuka. "Sina nafasi ya viti. Natafuta kanga yangu."

"Njoo ukae kwanza," ukasema. "Ukikaa kanga itaonekana."

"Umeanza mizaha yako. Watu wanaibiwa, wewe unacheka."

Ukacheka kweli. Ukasema, "Basi kesho." Nikasema, "Kesho." Magharibi mwezi ukaandama, ukauona uani, ukachora alama yako ya chaki nyuma ya mlango wa chumba kama unavyochora kila mwezi. Mimi nilikuwa bado nimenuna. Ulinipitia ukanigusa bega, nikalivuta bega langu.

Jumatano ukaswali alfajiri, ukajilaza, ukasema nikuamshe chai ikiwa tayari. Chai ikawa tayari. Wewe hukuamka.

Nimelia sana, sitakuficha. Nimekulilia wewe, na nimelilia lile bega. Watu walikuja kutoa mkono wa pole wakasema alikuwa mtu mwema, alikuwa mcheshi, na mimi kichwani nasikia, "Basi kesho." Siku ya saba Chande akaja, kasimama nje ya pazia. "Mama, wageni wameingia, tajiri anataka gari. Naomba ruhusa niliondoe." Ningesemaje? Chande na wenzake wakafunga viti, gari likatoka uani. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu kiti chako kimeondoka sijakikalia, na sikusema peleka.

Nikakaa eda. Nikavaa nyeupe, nikaweka mbali udi na wanja, Idi ya kuchinja ikanikuta ndani, maulidi nikayasikiliza dirishani. Wifi Mwanaidi alikuja kila siku kutoka Kaole. Simnyimi haki yake, alikuja kila siku, alipika, alifagia, alinikanda miguu. Lakini maneno yake yalikuwa machache. "Umekula?" "Nimekula." "Umeswali?" "Nimeswali." Basi. Kanga ilikuwa imekaa katikati yetu na hakuna aliyeitaja.

Na kila mwezi mpya ukiandama nilitoka uani nikautazama, kisha nikachukua chaki yako, nikachora nyuma ya mlango chini ya alama yako. Sikuwa na sababu. Niliona tu isikatike.

Siku moja katika Mfungo Sita, mwezi huo huo wa maulidi, Zuhura akaja na habari. Kakutana na Chande pale Msata. Tajiri anauza gari, limepata mnunuzi Arusha, litaondoka Jumatatu ya wiki ya pili ya Mfungo Saba. Lakini Jumamosi kabla ya hapo halina kazi, na Chande kasema ahadi ya fundi ni ahadi, yuko tayari. "Mama, eda yako inaisha lini?" Nikamwonyesha mlango. Tukahesabu. Mwezi ukiandama Jumatatu, inaisha Ijumaa asubuhi.

Baba Zuhura, sikuwa nawaza twiga. Nilikuwa nawaza kiti. Likishafika Arusha lile gari nitalipata wapi? Nilitaka kukikalia kiti chako hata mara moja, nikuambie kama kinafaa au hakifai. Nikamtuma Zuhura alete daftari lako, tukafungua nyuma, tukaanza upya: maji, chapati, samaki. Darubini nikaikata. Gauni la kahawia lilikuwa limeshashonwa, liko sandukuni.

Jumatano ya wiki ile wifi akaingia na kalenda kwapani, ile ya duka la saruji anayoitundika sebuleni kwake.

"Wifi," akasema, "mimi si mtu wa maneno mengi." Hapo nikajua yanakuja mengi. Akaitandaza mkekani. "Kaka yangu kafariki tarehe hii. Hesabu na wewe. Mwezi mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Ongeza siku kumi. Inaangukia Jumatano ijayo. Na nyinyi mnapanda gari Jumamosi! Siku nne kabla! Kwenda kuangalia nyani!"

"Nimehesabu mlangoni, wifi."

"Mlangoni kuna nini? Hii hapa imepigwa chapa."

Nikaitazama kalenda yake. Imepigwa chapa kweli, namba nyekundu na nyeusi, na mimi nina alama za chaki. Woga ukaniingia. Nilishakukosea kwa bega, nikukosee na kwa eda yako? Nikasema, "Basi siendi." Zuhura akasema, "Mama!" Nikamwambia anyamaze. Wifi akakunja kalenda, lakini hakuonekana mtu aliyeshinda. Aliondoka akasahau ukaya wake wa kujifunika kichwa. Mimi nikaingia chumbani, nikaliangalia lile gauni, nikalilaza kifudifudi nisilione.

Alhamisi wifi akaja mapema na kalenda hana. Akakaa. Akasimama. Akakaa tena.

"Nimekwenda kwa Maalim wa msikitini," akasema. "Nilitaka anipe nguvu. Kaniambia miezi ya eda ni miezi ya kuandama, si ya kalenda ya duka la saruji. Mwezi wa kuandama ni mfupi, ndiyo maana hesabu yangu imezidi. Akaniuliza, kaka yako kafariki tarehe ngapi ya mwezi wa kuandama? Nikasema sijui. Akasema, kamuulize mjane."

Nikamshika mkono nikampeleka chumbani, nikafunga mlango ili auone nyuma yake. Alama zako wote tunazijua, mwezi wenye mkia kama ndoana. Wifi akaweka kidole juu ya ule wa mwisho uliouchora, wa Mfungo Tatu, Jumanne ile. Halafu akashuka, yangu minne, imepinda kama imechorwa na mlevi. "Nne, tano, sita, saba," akasema. "Na leo Mfungo Saba tarehe ngapi?"

"Kumi."

"Inatimia kesho asubuhi." Kidole chake kikarudi juu kwenye mwezi wako kikakaa hapo. Tukalia wote wawili, tumesimama nyuma ya mlango kama watoto waliojificha.

Akajifuta. Lakini unamjua dada yako. "Hata hivyo watu watasema. Mjane katoka eda jana, leo yuko mbugani."

"Twende wote basi. Waseme tuko wawili."

"Mimi? Nikafanye nini porini?"

"Ukamlinde wifi yako asije akaolewa na nyani."

Alijaribu kukaza uso, ukamshinda.

Ijumaa wakaja kinamama wakanitoa eda. Nikaogeshwa, nikafukizwa udi, nikatiwa asumini kichwani, dua ikasomwa. Jumamosi tulipomaliza kuswali alfajiri gari likasimama mlangoni. Wifi alikuwa amefika zamani, ana birika, ana mkeka, ana kapu la chakula cha kutosha msiba. Na amevaa buibui jeusi ti. Nikamwambia habari za mbung'o. Akasema yeye hababaishwi na nzi.

Chande akashuka. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akafungua mlango, akaonyesha kwa mkono. Kiti cha nyuma ya dereva. Nikapanda, nikakaa. Baba Zuhura, niseme kweli? Sponji sawa, kiuno sawa, miguu inafika chini vizuri. Lakini mgongoni ni ile ile ngozi ya bandia. Tulipita Makurunge nikavumilia. Tukafika Msata, tukanywa chai, tukakata kuelekea Wami, jua limepanda, mgongo unanata na jasho. Nikaumia moyo. Nikasema mume wangu aliahidi kiti kilichopimwa kwa mgongo wangu, na kumbe kanifanyia kama wanavyofanyiwa watalii. Nikajilaumu kwa kukulaumu. Neno lako sikuweza kulisema bado.

Mbugani wifi alishambuliwa. Mbung'o walitupita Zuhura na mimi, na gauni langu la kahawia, kama hatupo, wakamwendea yeye. Alipiga, alisonya, alisoma ayatul-kursi. "Hawa nzi wana uadui na mimi!" Zuhura akavua mtandio wake wa rangi ya maziwa akamfunika. Tukaona nyati, tukaona ngiri wanakimbia mikia juu, tukamwona tembo mmoja kwa mbali anapepea masikio. Nikamwangalia kwa niaba yako.

Saa sita Chande akasimamisha gari, akafungua paa, akasema hapa twiga hupita, tungoje. Joto likazidi. Nikajisogeza mbele ili mgongo upate hewa. Chande akaniona kwenye kioo.

"Mama, vipi? Hujafungua zipu?"

"Zipu gani?"

Akageuka mzima. "Ya mto wa mgongo. Laa ilaaha, nilidhani unajua. Fundi aliniapisha. Alisema, 'Chande, zipu hii asifungue mtu mpaka mke wangu akae mwenyewe.' Msimu mzima wageni wameegemea hapo, sijaruhusu hata mmoja aiguse."

Nikapapasa nyuma yangu. Pembeni ya mto, chini kabisa, kidole kikagusa chuma kidogo. Nikavuta. Ngozi ya bandia ikafunguka pande zote, nikaitoa kama mtu anayemenya muwa, na chini yake, imenyooshwa, imeshonwa uzi mdogo mdogo wa mkono, ni kanga. Nyekundu na njano. Korosho zangu.

Nikaegemea. Ilikuwa laini, haina joto, na mto wako umejaa pale pale mgongo wangu unapouma. "Ukikaa kanga itaonekana." Uliniambia, Baba Zuhura! Uliniambia kwa mdomo wako na mimi nikakuita mzaha.

Nikasikia pembeni yangu kitu kama kikohozi. Ni wifi. Katoa kichwa kwenye mtandio, uso umevimba kwa nzi, anaiangalia ile kanga, halafu ananiangalia mimi.

"Mwizi wako huyo," akasema.

Nilitaka kumwomba radhi, kikatoka kicheko. Naye akacheka. Tulicheka mpaka tukalia, tukalia mpaka tukacheka, Zuhura anasema jamani mtawafukuza wanyama. "Nisamehe wifi," nikasema. "Nisamehe sana." Akasema, "Ningekusamehe zamani, lakini hukuniuliza. Ningekwenda hata kwa Maalim kuapa." Siku zote hizo alikuwa tayari kwenda kuapa, na mimi sikumpa hata nafasi ya kujitetea. Hilo nalo nitalibeba.

Halafu akanishika paja kwa nguvu. Hakuwahi kuuona mchezo wetu wa uani, naapa hakuwahi. "Wifi," akanong'ona, "tazama kulia. Twiga."

Nikatazama kulia. Alikuwepo. Na mwingine nyuma yake, na mtoto wao. Walisimama wakatuangalia kwa kope zao ndefu, hawana haraka. Nikasema, "Mkubwa kweli!"

Jioni Chande aliniambia akiniteremsha nyumbani, "Mama, hii kanga naweza kuifumua ukae nayo. Tajiri hana neno." Nilifikiri. Nikasema hapana. Wewe hukuwahi kushona kiti kikae ndani. Nimemwambia tu aiache zipu wazi, atakayekaa apumzike mgongo, hata asipojua kanga ni ya nani. Kile kipande cha pili kilichobaki kabatini nimempa wifi. Alikivaa pale pale juu ya buibui, na mabaka yake ya nzi, akaenda nacho Kaole.

Jumatatu asubuhi nilisikia gari linapunguza mwendo nje. Chande alikuwa akielekea Arusha, kapita kuaga. Nimetoka eda, sasa natoka mpaka barabarani. Nikalizunguka kama ulivyokuwa ukilizunguka wewe. Nikaingiza mkono dirishani, nyuma ya dereva, nikaminya sponji, nikavuta uzi kidogo kuona kama umeshika. Umeshika.

Chande akaniangalia, anangoja. Nikajua nilikuwa nimekusubirisha wewe miezi minne na siku kumi na zaidi.

Nikaupiga mlango kofi mara mbili.

"Peleka," nikasema.

Lala salama, fundi wangu. Mola akuwekee mahali pa kukaa pasipouma.

Mkaguzi wako,
Mama Zuhura